Kamba ya Mafundo Matatu

Kiinua mgongo kiliingia Jumanne.
Jumatano nilikuwa Njoro, gereji kwa Kisamo,
nimesimama mbele ya Landrova
kama mposaji aliyesahau maneno aliyotumwa.

"Hii," Kisamo akaligonga bodi, "haijui kutu.
Bati lake ni la ndege.
Baba aliikuta, wajukuu wataiacha."
Chini yake oili ilidondoka, tone, tone.
Akalisogeza kopo kwa mguu, bila kutazama.
"Landrova isiyovuja, ujue oili imekwisha."

Ng'ambo ya barabara Mfinanga anauza Landkruza.
Wawili hao hawasalimiani.
"Muulize," akaniita, "masika yale, kule Mweka, ilivutwa na nani?
Muulize mnyororo ulikuwa wa nani!"
Akafunua boneti polepole, kama sufuria ya pilau.
Sitadanganya. Nilimeza mate.

Lakini mimi nilitunza stoo ya kiwanda cha sukari
miaka thelathini na mmoja;
sinunui kisichopimwa.
Nikachukua kamba ya katani, nikapanda Uru, Shimbwe,
kwa miguu, kuanzia lami inapochoka.

Fundo la kwanza: njia ya kwetu.
Upande huu masale ya Tarimo, upande ule mfongo wa maji.
Masale yale yalipandwa kuizika kesi ya baba zetu;
ukiyakata, umeifukua.
Mfongo nao ni wa ukoo mzima, na ukoo mzima una macho.
Kamba ikasema: Landrova itakula masale kiwiko kizima.
Landkruza itapita ikikunja masikio,
tairi moja likinywa maji.

Fundo la pili: mama.
Tangu nyonga ikatae, hushushwa KCMC kwa pikipiki,
kabanwa kati ya dereva na mjukuu
kama gunia la kahawa lisilo na risiti.
Nilimkuta kalala, mchana.
Nikanyoosha kamba taratibu,
kisigino hadi kitambaa cha kichwa.
Jicho moja likafunguka.

"Proches. Jeneza utalipaka rangi gani?"

"Napima gari, mama."

"Gari gani hilo, linapimiwa mtu aliyelala?"

Nikaeleza: viti vya nyuma ving'olewe, godoro litandikwe...
Akaketi. Yeye ambaye kuketi humla Salamu Maria nzima,
akaketi mara moja.

"Landrova ya parokia naijua. Pasaka ile
walinisukuma watu watatu kuipanda,
wa tatu sikumwona, wala sitaki kujua ni nani.
Na sishuki Shimbwe nimelazwa kama mkungu wa ndizi.
Nitakaa mbele. Niwaone wanaoniona."
Akautoa mguu nje ya blanketi.
"Pima hapa."

Fundo la tatu: sakafuni hadi gotini.
Fupi.
Fupi kuliko nilivyolijua goti hili
nilipolikalia nikinyolewa, nikilia.

Ijumaa sikwenda Njoro.
Nilikwenda Kiboriloni kwa Ndetaramo, bwana mifugo mstaafu.
Ana Suzuki ya zamani, rangi ya ndizi iliyopitiliza,
ndani inanuka dawa ya kuogeshea ng'ombe.
Kisamo angeiita kiatu. Mfinanga angesema toroli lina honi.
Pembeni ina kikanyagio cha chuma,
alichomchomelea marehemu mkewe, wa miguu ya kuvimba.
Aliposema hivyo alikishika, akakiachia.

Nikaipima mbele: fundo la kwanza, inapita.
Nikapima kikanyagio: kiko chini ya fundo la tatu
kwa vidole viwili.
Fundo la pili nilikuwa nimeshalifungua njiani;
kamba ikabaki na kovu lililojikunja mahali pale.

Sasa tunateremka kila Alhamisi ya kliniki,
gia nzito, injini ikilalamika kama mbuzi wa mnadani.
Masale ya Tarimo yanaufuta vumbi mlango wa mama.
Mfongo unanitemea matone mimi.
Mlima ukiwa wazi, mweupe wote, hautazami.
Anashusha kioo, anarekebisha kitambaa,
anangoja tufike mbele ya kwa Tarimo,
kisha ananiambia:
punguza mwendo.