Frasila Mbili na Nusu

Bi Mwadawa wa Gongoni alikileta ndani ya kanga
kama mtoto mwenye homa,
akakilaza mezani, akabaki amesimama.
"Kimevunjika mgongo," akasema.
Sikumjibu. Nilikuwa nakinusa.

Kitabu hunuswa kabla hakijafunguliwa:
moshi wa kuni, iliki kwa mbali, kojo la mende.
Marehemu Kasimiri, aliyenifunza kazi hii
nyuma ya kiwanda cha chapa cha misheni,
alisema macho yana haraka, pua haina.

Nikafumua.
Sikukata; kukata anajua kila mwenye kisu.
Kufumua ni kuurudisha uzi njia aliyoipita mwenzio,
tundu kwa tundu, kinyumenyume,
mpaka umkute pale alipofunga fundo la kwanza
akalilowesha kwa mate.
Fundo limeelekea kushoto.
Alikuwa wa shoto, kama mimi.

Mafungu kumi na tisa ya kurasa. La saba halipo.
"Hilo aliliazima mtu wa Ujiji," akasema Bi Mwadawa,
"mama yangu hajaolewa. Usilitafute."

Kisha chini ya ngozi, kwenye uti,
ukanda wa karatasi nyingine, upana wa vidole viwili,
umegandishwa kwa uji wa muhogo kuushikiza mgongo.
Daftari la mtu lililokatwakatwa.
Wino wa kahawia, majina yasiyo na vichwa:

*...hayo, nta, frasila mbili.*
*...lunde, nta, frasila mbili na nusu.*
*...gula, ametoroka, mzigo umepatikana.*

Niliyasoma kwa sauti.
Ndipo Bi Mwadawa alipovuta kigoda.

Frasila mbili ni mzigo wa mtu mzima
kutoka hapa Tabora hadi pwani, kwa miguu.
Nusu ile nani aliiongeza?
Na huyo ...lunde, alisema nini alipotwishwa?
Mkononi nilikuwa na kipande cha nta ya Sikonge,
kidogo kuliko kiberiti.
Niliuburuta uzi wa kitani juu yake, mara tatu,
ukaanza kulia.

"Ukanda huu nikupe ukauhifadhi?"
"Urudishe ulipokuwa.
Wamekibeba kitabu miaka yote hii,
leo ndiyo uwatue?"

Basi nimeurudisha. Ila nimeugeuza, maandishi nje,
na ngozi mpya ya mbuzi sikuigandisha juu yake.
Kikifunguliwa katikati mgongo unainuka,
na mwenye kuchungulia kwa tochi
atawaona wamepanga foleni mle gizani.

Tulipatana elfu kumi na nane. Ametoa kumi,
nane mwisho wa mwezi, na huo mwezi hakuutaja.

Kati ya fungu la sita na la nane
uzi nimeuacha ulegee, unene wa fungu moja.
Aliponiuliza pengo hilo la nini,
nikamwambia treni ya Kigoma bado inakuja.