Mwenye Ufunguo

Glavu zipo jozi nane, mikono themanini.
Hesabu hiyo niliijua kabla ya Bi Chelagat,
kabla hajaja na barakoa yake ya samawati
na karatasi yenye muhuri, akasimama mlangoni
kama anayeogopa jasho litamrukia.
"Mzee Shikuku," akasema, "hizi nani huzikausha?"
Jua, nikamjibu. Jua, na upepo wa Menengai.
Akaandika. Sijui kama aliandika jua.

Malengelenge yalikuwa yameshafika Kaptembwa.
Yalianza kwa dereva wa lori, walisema;
kila ugonjwa hapa Nakuru huanza kwa dereva wa lori.
Halafu kinyozi. Halafu mapacha wa kinyozi.
Nasi huku Bondeni tukazidi kushikana ulingoni,
ngozi kwa ngozi, kidevu begani,
maana ndondi, asikudanganye mtu,
ni kukumbatiana zaidi ya kupigana.

Niliutetea mlango huu. Nakiri.
Nilisema: mbona soko liko wazi?
Nilisema: baa ya Njuguna ina mlango wa nyuma,
na mlango wa nyuma haubandikwi karatasi.
Nilisema: nikiwafungia saa kumi,
saa kumi na mbili watakuwa wapi? Nani atawahesabu?
Mimi huwahesabu. Kila jioni, kwa majina,
hadi yule anayekuja kwa ajili ya uji tu.

Hakubishana. Alikuwa amechoka,
viatu vyake vimebeba vumbi la mitaa minne.
"Mzee, leo sijaja kufunga. Nimekuja kukuuliza
ungefanya nini kama ungekuwa mimi."
Ngumi hiyo sikuiona ikija.
Jicho langu la kushoto lilizimika mwaka wa themanini na tatu;
akapitia huko huko.

Maana jana yake nilimwona Wafubwa akijifunga bendeji.
Miaka kumi na minne, mkono wa kulia
mwepesi kama ulimi wa kinyonga.
"Babu, leo nitajifunga mwenyewe."
Na kwenye kifundo, kabla hajavuta kitambaa,
vitone vitatu vyeupe, vimejaa
kama punje za mahindi mabichi.
Nikasema: mbu.
Yeye hakusema mbu. Ni mimi niliyesema.
Kisha nikampa glavu.

Nikamtajia Bi Chelagat jina. Nikafunga.
Kufuli ya shaba, ufunguo mara mbili.
Kocha Omwoyo hajanisalimu hadi leo.
Mama mmoja alinipigia kelele toka ng'ambo ya barabara:
mwanawe ameonekana na wale wa stendi,
"Yeye umemfungia nje, na mimi umenifungia nini?"
Sina jibu. Ningekuwa nalo ningelipaka ukutani.

Siku ya tatu wakaja wenyewe, wakaketi chini
wakiitazama kufuli kama anavyotazamwa mgonjwa.
Nikafungua dirisha, siyo mlango.
Nikapitisha kamba za kuruka, kumi na moja,
vishikio nimevichovya dawa hadi vikanuka hospitali.
Kamba ina adabu ambayo ngumi haina:
humchorea kila mmoja duara lake,
na anayesogea karibu huchapwa.
Ta, ta, ta, kwenye lami, hadi giza,
vumbi likiwapanda magotini.

Sisemi nimepata. Mvua ikinyesha hawana pa kwenda.
Na kamba siyo ndondi; kocha ana haki yake.
Nasema nilichokiona dirishani
nikiwahesabu kwa majina.

Kamba kumi na moja zilitoka.
Zimerudi kumi.
Ya kumi na moja Bi Chelagat alipita nayo, ameikunja mkobani.
Wodi ya waliotengwa, anasema,
ina ua mdogo wa saruji nyuma yake.
Msumari wake nauacha mtupu.