Hesabu ya Machi

Nje, Saimaa bado ni barafu.
Ndani, Eila ametandaza ramani ya maziwa,
kaikandamiza kwa kikopo cha chumvi na kikombe changu.
Siku sita, asema. Usiku wa kwanza hapa:
anaweka punje ya dengu kisiwani.
Wa pili, ng'ambo ya maporomoko;
mtumbwi tutaubeba mabegani, hatua mia nne.
"Mia saba," namsahihisha. "Na matope."

Anaandika: kiberiti, shayiri, dawa ya mbu,
makafi matatu.

Tuko wawili.

Kafi la Veikko lingali ukutani,
mpini umelika pale kiganja chake kilipozoea.

Hafuti.
"Moja likivunjika," asema,
na dengu ya tatu, kidoleni,
inatafuta pa kulala.