Mtoto wa Jicho

Duka langu liko Kutaisi, ngazi nne chini ya barabara,
karibu na daraja ambapo mto Rioni
huosha mawe yale yale meupe bila kuchoka.
Miaka thelathini na moja napima macho ya watu.
Ukutani nina ubao wa herufi zetu za mviringo
zilizojikunja kama vikonyo vya mzabibu.
Nasema: Soma mstari wa tatu. Na huu? Na huu?
Anayeshindwa namwongezea kioo.

Jumapili nashika mshumaa kanisani,
kuumeni kwa shemasi anaposoma Injili.
Sijawahi kuutikisa.

Babutsa alikuja Jumanne, mvua ikinyesha,
akipapasa ukuta kwa kiganja.
Sikumjua. Nikamuuliza jina, mwaka wa kuzaliwa,
kama ana kisukari.
Akacheka. "Mkono wako unanijua, Ermile.
Kila Jumapili pale mlangoni, sarafu moja.
Huinami. Unaiachia ianguke."

Nikawasha kurunzi yangu ndogo.
Weupe umetanda juu ya mboni zote mbili,
maziwa yaliyomwagika kisimani.
Nikamwambia kwa ile sauti yangu ya kazini:
"Miwani haitakufaa, mama. Una mtoto wa jicho."

Akafuta mvua kidevuni, taratibu.
"Basi mimi ninao wawili, na najua waliko.
Wako yuko wapi?"

Husemwa macho hayana pazia.
Yangu nilikuwa nimeyashonea, kwa uzi mnene,
tangu majira ya baridi ile taa ya fedha ilipopotea
na wazee wa kanisa wakaja kuniuliza juu ya Beshken.
Mke wangu alikuwa akikanda unga. Mikono yake ikasimama.
Nilijua mwanangu hakuiba.
Nilijua pia ni nani hushika mshumaa, na ni nani anaweza kunyang'anywa.
Nikasema: Ni mtu mzima. Muulizeni mwenyewe.

Taa ilionekana Kwaresima, nyuma ya mazulia.
Yeye hakuonekana.

"Alikuwa akikaa nami ngazini," akasema Babutsa,
"akinihesabia sarafu, zako pia.
Aliniachia namba. Akaniambia, baba akiuliza, mpe.
Miaka sita, Ermile. Hata mara moja."
Akaitamka, tarakimu kwa tarakimu, bila kukosea,
kama mtu anayesoma mstari wa chini kabisa,
ule mdogo ambao hata mimi
nausoma kwa kuukariri.

Jumapili ile ilikuwa ya yule aliyezaliwa kipofu.
Mate, udongo, njia ndefu ya kwenda Siloamu,
yote hayo niliyapita nikiwa nimesimama imara.
Kisha shemasi akafika kwa baba na mama yake,
wanaoulizwa, wanaoogopa,
na maneno yao yakatoka kitabuni yakiwa na sauti yangu.
Nta ikanimwagikia vidoleni. Moto ukayumba.
Shemasi akainua macho, akapoteza mstari.

Nilitoka kabla ya baraka.
Nikaketi ngazini kando ya Babutsa, jiwe bado lina umande.
Akasogea kunipa nafasi, hakusema kitu.
Simu ikaita Gdansk. Ikaita.
Mtu akapokea, nyuma yake nyundo zikigonga chuma,
akauliza kwa lugha nisiyoijua, kisha kwa yetu: Nani?

Sikuwa nimenawa bado.
Tope lilikuwa bichi machoni pangu.