Zimwi la Alhamisi

Kitabu kinasema: joka, urefu futi sitini,
pointi za uhai mia mbili na kumi,
magamba hayapenyeki, pumzi ya moto.
Kitabu hakimjui Oili.

Mimi namjua. Nyumba yake iliungua Februari,
cheche ya sauna, usiku,
baridi kali hata maji ya zimamoto
yakagandia ndani ya mpira.
Basi nachukua kifutio.
Moto unatoka kwanza.

Ni Jumatano, jiko langu, mji wa Kemi.
Njegere za kesho nimeshaziloweka.
Mbele yangu joka lisilo na kitu kinywani.
Nilitie barafu? Hapana. Barafu huku si adui,
tunaegesha magari juu yake.
Nalitia kikohozi,
kile kikavu cha wanaume wa kiwanda cha karatasi,
ambacho wake zetu walikitambua tangu ngazini.

Mabawa nayakata. Dari la pango ni fupi,
na karatasi niliyochorea pango ni fupi vilevile:
rimu ya mwisho, niliyoibeba kwapani
siku walipofunga geti.

Dhahabu nayo ya nini?
Nani hapa amewahi kulalia dhahabu?
Nalitandikia nati na skrubu,
kopo juu ya kopo, kama baba gerejini,
uzeeni, akihesabu moja, mbili, tatu,
akifika arobaini anasita,
anatazama mlango,
anaanza upya.

Zimwi likujualo, husemwa, halikuli likakwisha.
Mimi hulipeleka shule kwanza
likajifunze majina ya watu.

Mstari wa Udhaifu:
naandika, upanga wowote, chini ya bawa.
Nakumbuka halina bawa.
Nafuta. Nalala sijaujaza.

Wakaja. Sirkku na haradali yake,
Pirkka na koti la kampuni ya mabasi,
Oili na dadu zake ndani ya soksi,
zile zilizopona kwa kuwa zilikuwa mfukoni
yeye akiwa zamu ya usiku hospitalini.
Na Jalmari, mtoto wa dada yangu, miaka kumi na mitatu.
Tangu mama yake ahamie Gothenburg
maneno yake ya siku utayahesabu kwa mkono mmoja
na kidole gumba kikabaki.

Pirkka akatupa, kumi na saba, akapiga.
Sirkku akamwaga tindikali
na kutueleza, hatukumwuliza, fomula yake.
Joka likakohoa. Likarudi kwenye makopo yake,
nami nikalisemea kwa sauti ambayo sikuipanga:
thelathini na nane,
thelathini na tisa,
arobaini.

Nikasita.

Oili alikuwa ameshainua shoka,
dadu ya nyuso ishirini ikipata joto kiganjani.
Jalmari, uso ndani ya supu, akasema:
"Arobaini na moja."

Nilikuwa na namba za kucha, za mkia,
za mbio zake kwenye matope.
Ya hili sikuwa nayo.
Nikapekua kurasa hata hivyo,
macho yapate kazi.
Kisha joka likasema, arobaini na mbili.
Naye: "Arobaini na tatu."

Tulifika mia moja na kumi na mbili.
Supu ikafanya utando.
Pirkka, mwenye basi la saa kumi na moja alfajiri,
hakutazama saa.
Oili akairudisha dadu ndani ya soksi
bila kuitupa.

"Kwa hiyo tumepata pointi ngapi?"
Pirkka, bila shaka.
Sijui, nikasema. Nitaangalia.

Walipoondoka nilijaza ule mstari.
Nikaufuta. Nikaujaza tena, kwa kalamu ya wino,
kisha nikapangusa makombo ya kifutio
pamoja na ya mkate.

Wiki ijayo Sirkku anataka mnyonya damu.
Oili ni muuguzi, damu haimtishi.
Itabidi nifikirie kitu kingine cha kunyonya.