Jaribu Kwanza Pasipoonekana

Usisugue, Lamara.
Wino ukisuguliwa hutanuka kama habari ya msiba,
na kitambaa cha kochi hakina mlango wa kuutolea nje.
Gusa, inua. Gusa, inua.
Anza pembezoni, uende kati,
kama watu wanaouzingira moto wa nyika.

Hayo anajiambia mwenyewe, magoti sakafuni,
ghorofa ya tatu, mtaa wa Sololaki, Tbilisi,
Februari, jiko la gesi linakoroma,
na baba yake, mzee Otar, amehamia kiti cha mbao
karibu na dirisha, mikono katikati ya mapaja,
kama mwanafunzi aliyeambiwa amsubiri mwalimu mkuu.

Miaka thelathini na minane alisahihisha chapa.
Makosa ya watu yalipita chini ya kalamu yake
yakatoka yameoga.
Koma iliyopotea aliijua kwa harufu.
Sasa mkono wa kuume umekuwa mgeni tangu kiharusi cha Oktoba,
na kalamu aliyoilalia mchana, mdomo wazi,
imetapika buluu ukubwa wa kiganja
juu ya kochi la rangi ya asali.
Siku nne alilifunika doa kwa gazeti.
Siku nne alisoma ukurasa uleule.
"Bado nalisoma," alisema binti alipolinyanyua.

Maziwa, alishauri jirani Tsiala kutoka ngazini.
Chumvi. Dawa ya meno. Ile ya nywele ya kupuliza.
Kila nyumba ina dini yake ya madoa.
Lamara ameleta shuka kuukuu, jeupe, lililochanwa vipande,
na chupa ya chacha, moto wa makapi ya zabibu
(jina ambalo katika lugha yangu ni la mchuzi uliolala bila kuchemshwa;
hii haijaoza, hii inakwangua koo).
"Hiyo ni ya kunywa," mzee anateta.
"Leo linakunywa kochi."

Sheria ya kwanza ya kazi hii:
jaribu kwanza pasipoonekana.
Rangi ya kitambaa isije ikakimbia pamoja na ya wino,
ukatibu jipu ukakata mguu.
Basi anaugeuza mto wa kukalia, upande wa giza,
upande wa mavumbi, sarafu mbili, pini ya nywele,

na hapo lipo.
Doa. La zamani. Limepauka likawa rangi ya mshipa chini ya ngozi,
na umbo lake analijua kabla hajakumbuka:
chupa ya wino wa shule, umri miaka saba, mvua nje,
na yeye akisema, Paka. Ni paka.
Hawakuwahi kuwa na paka.

Mama alikuwa akirudi saa kumi na moja.
Mtu aliugeuza mto huu kabla ya saa kumi na moja.
Mtu huyo, ambaye hakuiachia koma ya yeyote ipite,
aliliacha kosa hili likae miaka arobaini na moja
chini ya makalio ya wageni,
bila alama pembeni, bila mstari mwekundu.

Hasemi kitu. Anadondosha chacha kwenye kona, anahesabu hadi sitini.
Asali imeshikilia. Vizuri.
Anaurudisha mto, buluu ikitazama dari.
Gusa, inua.
Kipande cha kwanza kinatoka kimelewa buluu.
Cha nne, nusu yake.
Cha saba kinatoka na kivuli tu.
Chumba kinanuka harusi.

"Limetoka?"
"Linatoka."
"Lote?"
Si lote. Halitoki lote, kila afanyaye kazi hii anajua;
hubaki kitu kama pumzi juu ya kioo,
nawe hukioni mpaka ujue pa kutazama.

Kilichobaki anakimimina katika bilauri mbili ndogo,
ya mzee ya kulowesha mdomo tu.
Anapokea kwa mkono wa kushoto.
"Na kule chini?" anauliza, macho bado dirishani.
"Kule chini," anasema Lamara, "ni paka."