Donge na Kidonge

Ninakiinamisha kichupa, ninakiinua.
Sekunde ya tisa: damu inateleza.
Ninakiinamisha, ninakiinua.
Ya kumi na nne: inasita,
kama mgeni aliyesikia jina lake likitajwa uani.
Ya kumi na saba: imekaa.
Naandika daftarini: arobaini na moja, haikufaa.

Chumba chetu kiko ghorofani, Malindi,
juu ya duka la betri na vioo vya pikipiki.
Umeme ukikatika, Mbeyu huuegemea mlango wa jokofu
asije mtu akaufungua kwa mazoea.
Ndani mna majongoo bahari kutoka Kiwayu,
wamelala barafuni kama soksi zilizolowa.
Shali, aliyewazamia, alituuliza:
"Hawa huenda ng'ambo wakaliwa. Nyinyi mwawatakia nini?"
Nikamwambia, damu.
Akacheka. Kisha akaacha kucheka.

Katika ngozi yao, vitabu vyasema,
mna sukari ndefu isiyo tamu
ambayo damu ikikutana nayo husahau kuganda.
Vitabu vyasema. Vichupa vina maoni yao.

Dada yangu Mwanamkuu alijifungulia Lamu, Langoni,
usiku wa mvua za vuli.
Siku ya tisa mguu wa kushoto ukavimba.
Baridi hiyo, wakasema, mkandeni.
Nikamkanda mimi.
Kwa maji ya moto na mafuta ya uto,
kutoka kifundoni kwenda pajani,
chini kwenda juu, chini kwenda juu,
kwa mapenzi, kwa nguvu zangu zote.
Donge lilikuwa humo limelala.

Daktari aliniambia baadaye: huenda si wewe.
Huenda.
Mizani yetu hupima hadi elfu ya gramu;
neno hilo bado sijajua uzito wake.

Hospitalini shemeji aliuliza sindano yatengenezwa kwa nini.
Muuguzi hakumficha: utumbo wa nguruwe.
Akampigia shehe, jasho likimtoka.
Shehe alijibu kabla swali halijaisha:
mpeni, upesi, mwangoja nini?
Wakafungua kabati.
Kabati lilikuwa tupu.

Matangani wakampakata mtoto, wakaniangalia.
"Mama mdogo yupo. Damu nzito kuliko maji."
Nikainama.
Nani angewaambia kwamba uzito huo ndio uliomuua?

Donge, kidonge.
Lugha ilijua kabla yangu
kwamba kinachoziba na kinachozibua
ni neno moja, kubwa na dogo.
Miaka sita nina donge kooni
nikitafuta kidonge chake.

Kichupa cha hamsini na saba.
Dakika moja, inateleza.
Tano, inateleza.
Ya kumi, Mbeyu akapiga vigelegele
hadi muuza betri akagonga dari kwa ufagio.
Mimi nilikaa kimya.
Damu isiyojua kabisa kuganda
ni kifo kilekile, kimebadili kanzu:
mtu akijikata kidole kwenye mbuzi ya nazi
ataloweka jamvi zima.
Mbeyu, nikasema, tupunguze.
Nusu.
Nusu ya nusu.
Baadaye panya, baadaye watu wachache wenye hiari,
baadaye makaratasi, mihuri, miaka.
Atakayeokolewa na hiki, kikifika,
pengine leo bado anacheza kibe na wenzake.

Ijumaa, mtoto wa Mwanamkuu alianguka na baiskeli.
Goti likachubuka.
Nilitazama saa bila kutaka.
Damu ilitoka, ikasita, ikakaa.
Dakika nne.
"Mama mdogo, mbona imeacha yenyewe?"
Ni donge, nikamwambia. Limekuja kukufungia mlango.
Akaligusa kwa ncha ya kidole,
nami, kwa mara ya kwanza tangu msiba,
nikalishukuru.

Jumatatu. Hamsini na nane.
Ninakiinamisha kichupa.